Sumu, Nguvu na Magazijuto: namna ya kulimbikiza madhara katika Slay the Spire

"Mjomba, sumu yote imefutika!"

Mpwa wangu alinipigia saa tatu usiku, sauti imejaa uchungu. Alikuwa anacheza Slay the Spire, mchezo wa video wa kupigana kwa karata, akitumia mhusika anayeitwa Silent, amepanda mnara mpaka kwa Champ, mmoja wa mabosi wa sehemu ya pili, mwenye uhai 420. Zamu baada ya zamu alikuwa amemjaza sumu, akaizidisha mara mbili, akaizidisha tena, kisha akakaa kusubiri bosi afe mwenyewe. Champ aliposhuka chini ya nusu ya uhai wake akapandwa na hasira, akafuta kila alichobandikwa, na zamu chache baadaye kijana akawa chini.

Karata zake zilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko nilizowahi kupata mimi. Kilichomwangusha ni mpangilio: hakujua kipi kati ya vitu vyake kinajumlishwa, kipi kinazidishwa, na kipi kinapungua chenyewe kadiri muda unavyokwenda. Nilimweleza kwa simu karibu saa nzima, na haya ndiyo niliyomweleza, nimeyapanga vizuri zaidi.

Namba zote hapa ni za mchezo wa kwanza, ule ambao watengenezaji wake, Mega Crit, waliukamilisha mwaka 2019, katika kiwango cha kawaida kabla hujaongeza ugumu wa Ascension. Mchezo wenyewe hauna Kiswahili, kwa hiyo majina ya karata nayaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini. Ila Poison nitaiita sumu, Strength nitaiita nguvu, na Block nitaiita ngao.

Hatua ya 1: Jua namba ile inahesabu nini

Chini ya kila adui kuna alama ndogo zenye namba pembeni. Mchezaji mgeni akiona namba kubwa hufurahi, akidhani kubwa maana yake ni kali. Si kila mara.

Nguvu ikiwa 4, maana yake ni ukali: kila pigo lako linaongezewa 4, na namba haishuki mpaka pambano liishe. Vulnerable ikiwa 4, maana yake ni muda tu: adui atakaa katika hali hiyo zamu nne. Mashambulizi yako yanamuumiza asilimia 50 zaidi ikiwa namba ni 1, na asilimia 50 ileile ikiwa namba ni 9. Weak nayo ni hivyohivyo: aliye nayo hupiga kwa asilimia 25 pungufu, na kuirundika kunarefusha muda bila kuongeza makali.

Kwa hiyo ukiwa na karata mbili za Bash, kila moja ikitoa Vulnerable 2, usizitupe zote katika zamu moja ukitarajia asilimia 100. Hutaipata. Tumia moja leo, nyingine iache mpaka ya kwanza ikaribie kuisha. Na kwa kuwa namba hupungua kila raundi inapokwisha, Vulnerable 1 unayombandika adui mwishoni mwa zamu yako, baada ya kumaliza kushambulia, ni kazi bure: itakuwa imeyeyuka kabla hujapata nafasi ya kupiga tena.

Sumu ni kitu cha peke yake, maana namba yake ni ukali na muda kwa pamoja. Nitaifikia.

Hatua ya 2: Weka nguvu ndani ya mabano

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tulikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Ukiichukua kanuni hiyo ukaipeleka kwenye mchezo huu bila kufikiri, utakosea kila hesabu, kwa sababu hapa nguvu imo ndani ya mabano. Mchezo unachukua madhara yaliyoandikwa kwenye karata, unajumlisha nguvu, halafu ndipo unazidisha kwa Weak na Vulnerable. Desimali ikibaki mwishoni inatupwa.

Chukua Strike ya kawaida, madhara 6. Una nguvu 2, adui ana Vulnerable. Ni 6 jumlisha 2, unapata 8, mara 1.5, unapata 12. Ukiifanya kinyume, 6 mara 1.5 halafu jumlisha 2, utapata 11 na utapanga zamu yako vibaya. Tofauti ya 1 inaonekana ndogo mpaka siku adui anabaki na uhai 1 na wewe umebaki na 3.

Hii ndiyo sababu nguvu na Vulnerable zinapendana. Kila nguvu 1 unayoongeza, adui akiwa na Vulnerable, inageuka 1.5 katika kila pigo. Desimali nayo iangalie: nguvu 1 inafanya Strike kuwa 7, ambayo mara 1.5 ni 10.5, na unapewa 10.

Mfano wa kwanza kabisa wa kuzingatia mpangilio unao mkononi tangu pambano la kwanza la Ironclad, mhusika mwingine wa mchezo huu. Una nishati 3 za kulipia karata katika zamu, Bash ya nishati 2 yenye madhara 8, na Strike ya nishati 1. Ukianza na Strike, unapata 6 na 8, jumla 14. Ukianza na Bash, Strike inakuta Vulnerable imeshakaa: 8 na 9, jumla 17. Karata ni zilezile na nishati ni ileile. Kumbuka tu kwamba Bash yenyewe hainufaiki na Vulnerable inayoileta, kwa kuwa inapiga kwanza ndipo inabandika.

Hatua ya 3: Hesabu mapigo kabla ya kutazama ukubwa wa pigo

Nguvu inaongezwa kwa kila pigo, si kwa kila karata. Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha uchezaji wangu.

Pummel ni karata ya nishati 1 inayopiga mara nne, kila pigo 2. Mgeni anaiona ni takataka: jumla 8 tu. Bludgeon ya nishati 3 inapiga 32 kwa mkupuo. Sasa jipe nguvu 4. Bludgeon inakuwa 36. Pummel inakuwa 6 mara nne, yaani 24, kwa theluthi ya nishati. Mbandike adui Vulnerable: Bludgeon inapanda hadi 54, na Pummel inakuwa 9 mara nne, yaani 36. Kwa nishati 1!

Twin Strike inapiga mara mbili, Sword Boomerang mara tatu, Whirlwind mara nyingi kadiri ya nishati uliyobaki nayo. Hizi zote zinakunywa nguvu. Heavy Blade inapiga mara moja tu, lakini imeandikiwa kwamba nguvu inahesabiwa mara tatu juu yake, mara tano ukiiboresha. Ikiwa na nguvu 4, ile ya kawaida inatoa 14 jumlisha 12, yaani 26. Iliyoboreshwa inatoa 34.

Basi kabla hujachukua karata ya zawadi baada ya pambano, tazama fungu lako la karata linakwenda wapi. Kama una vyanzo vya nguvu, chukua karata za mapigo mengi. Kama huna, pigo moja kubwa ni bora, na Pummel iache ilipo.

Hatua ya 4: Jumlisha yote kwanza, zidisha mwisho

Kuna karata za kujumlisha nguvu na kuna ya kuizidisha. Inflame inakupa nguvu 2. Spot Weakness inakupa 3 ikiwa adui amekusudia kushambulia. Limit Break inazidisha nguvu uliyonayo mara mbili.

Ukizipata zote tatu mkononi, usikimbilie Limit Break kwa furaha. Cheza Inflame, cheza Spot Weakness, una 5. Sasa Limit Break: 10. Ukianza na Spot Weakness, ukaweka Limit Break, ukamalizia na Inflame, utakuwa na 8, na ile 2 iliyopotea hairudi, kwa sababu Limit Break isiyoboreshwa huondoka mpaka pambano liishe. Ukiiboresha kwenye moto wa mapumziko inabaki kwenye mzunguko, na hapo nguvu inapanda 5, 10, 20, 40. Demon Form, karata ya nishati 3 inayokupa nguvu 2 kila zamu, inapanda 2, 4, 6, 8. Demon Form ni ya uhakika maana haikudai kitu tena baada ya hapo. Limit Break inahitaji uwe na mbegu ya kupanda. Sifuri mara mbili ni sifuri.

Hapa kuna ujanja ninaoupenda sana. Flex ni karata ya bure inayokupa nguvu 2 kwa zamu moja, na zamu ikiisha unanyang'anywa 2. Icheze, halafu cheza Limit Break: 2 inakuwa 4. Zamu inaisha, mchezo unachukua 2 zake kama ulivyoahidi. Wewe umebaki na 2 za kudumu, zilizotokana na nguvu ya kuazima.

Hatua ya 5: Ielewe sumu kama ngazi ya kushuka

Sumu ya Silent inafanya kazi hivi. Mwanzoni mwa zamu ya adui, kabla hajafanya chochote, anapoteza uhai sawa na namba ya sumu. Kisha namba inashuka kwa 1. Haijali ngao yake. Haijali nguvu yako, wala Vulnerable, wala Weak. Iko nje ya mabano kabisa.

Sumu 5 inauma 5, 4, 3, 2, 1. Jumla 15. Hiyo ndiyo Deadly Poison moja. Sasa weka Deadly Poison mbili kwa pamoja: sumu 10 inauma 10, 9, 8 mpaka 1, na jumla yake ni 55. Karata mbili zenye thamani ya 15 kila moja zimetoa 55 badala ya 30. Kulimbikiza sumu kwa adui mmoja, mapema, kunalipa kuliko kuigawa.

Lakini 55 hiyo unaipata ukisubiri zamu kumi, na mapambano mengi hayafiki huko. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni hii: kadiria pambano lina zamu ngapi zilizobaki, zidisha kwa sumu iliyopo, halafu toa kidogo. Kwa zamu tatu toa 3, kwa zamu nne toa 6, kwa zamu tano toa 10. Sumu 12 kwa zamu nne: 48 toa 6, yaani 42. Ukiizoea utaifanya kichwani haraka kuliko kuisoma hapa.

Mchezo wenyewe unakusaidia: sehemu ya mstari wa uhai itakayoliwa na sumu huonekana kijani. Mstari wote ukiwa kijani, adui huyo ameshakufa na hatakupiga zamu hii. Usitumie nishati hata moja kujikinga naye. Wachezaji wengi wanapoteza karata za ngao dhidi ya maiti.

Noxious Fumes nataka niizungumzie kwa kirefu kidogo, maana watu huidharau. Kila zamu yako inapoanza inawawekea maadui wote sumu 2. Sumu inashuka 1 na kuongezwa 2, kwa hiyo haishuki tena, inapanda: 2, 3, 4, 5. Ikiuma mara nane, kila adui amepoteza 44. Ukiiboresha iwe 3, inapanda kwa hatua mbili: 3, 5, 7, 9, na mara nane zile zinakuwa 80. Umeongeza namba moja tu kwenye karata, madhara yamekaribia mara mbili, kwa sababu ile 1 inayovuja kila zamu ni ileile. Nikiwa na karata hii, huwa sifiki mbali kabla sijaiboresha.

Na kama nguvu inavyoongezwa kwa kila pigo, fuvu la Snecko Skull, kifaa unachokibeba bila kukicheza kama karata, linaongeza 1 kwa kila mara unapoweka sumu. Deadly Poison inakuwa 6 badala ya 5, si jambo kubwa. Bouncing Flask, inayoweka sumu 3 mara tatu, inatoka 9 hadi 12.

Hatua ya 6: Chagua wakati wa Catalyst

Catalyst inazidisha sumu ya adui mara mbili. Ikiboreshwa, mara tatu. Inatumika mara moja kwa pambano. Swali la kila mtu ni lini.

Tuseme adui ana sumu 7. Una Catalyst isiyoboreshwa, na Deadly Poison utaipata zamu ijayo, ukiwa na nishati ya kucheza zote mbili. Kwanza tuanze na Catalyst: sumu 14, inauma 14, inashuka 13, unaongeza 5, inakuwa 18. Au tusubiri: sumu 7 inauma 7, inashuka 6, unaongeza 5, inakuwa 11, unazidisha, inakuwa 22.

Baada ya kuuma mara mbili, njia ya kwanza imetoa 32 na ya pili 29. Baada ya mara tatu ni 49 kwa 50. Kuanzia hapo njia ya pili inaacha ya kwanza nyuma, na haishikiki tena. Kwa hiyo: adui akiwa amebakiza zamu moja au mbili, zidisha sasa hivi. Akiwa na safari ndefu, jumlisha kwanza. Ni kanuni ileile ya Limit Break, ila sumu ina saa inayogonga na nguvu haina.

Hatua ya 7: Chubua Artifact kwa karata ya bei rahisi

Maadui wengine wana kinga iitwayo Artifact. Kila 1 ya Artifact inameza athari moja mbaya, nzima, bila kujali ukubwa wake. Bronze Automaton anaanza na 3. Donu na Deca kila mmoja ana 2.

Ukimpiga Deadly Poison, sumu 5 yote inamezwa. Ukimpiga Neutralize, karata ya bure ambayo Silent anaanza nayo, ile Weak 1 inamezwa, na Artifact imepungua vilevile. Basi tanguliza vidogo. Bouncing Flask nayo inafaa hapa, kwa kuwa inaweka sumu mara tatu mbalimbali: dhidi ya Artifact 1 unapoteza mara ya kwanza tu, mbili zinapita. Noxious Fumes pia inachubua 1 kwa kila adui kila zamu bila wewe kugusa chochote.

Hatua ya 8: Wajue wanaofuta

Hapa ndipo mpwa wangu alipoangukia. Time Eater, mwenye uhai 456, akishuka chini ya nusu hufuta athari zote mbaya na kujirudishia uhai mpaka nusu. Awakened One hufa mara ya kwanza, akifufuka anakuja safi. Kwa hao wawili, limbikizo lako la sehemu ya kwanza ya pambano usilitegemee kwa sehemu ya pili; bakiza Catalyst, na uvumilie. Kwa Time Eater kuna la ziada: baada ya karata 12 anakata zamu yako na kujiongezea nguvu, hivyo visu vidogo vya Blade Dance, ambavyo kila kimoja ni karata, vinakugharimu hesabu hiyo haraka sana.

Champ naye hufuta, lakini anakupa nafasi tamu. Nusu yake ni 210. Sumu ikimshusha chini ya hapo mwanzoni mwa zamu yake, bado anatekeleza kile alichokuwa ametangaza. Baada ya hapo ndipo anatangaza hasira. Wewe unapata zamu nzima ukiitazama alama ile juu ya kichwa chake. Na zamu yake ikianza, sumu inauma kwanza, ndipo anafuta. Una mng'ato mmoja zaidi, na huo ndio wa kuuzidisha kwa kila ulichonacho, maana baada yake hakuna cha kubakiza.

Burst ni karata inayofanya karata inayofuata ya aina ya Skill ichezwe mara mbili. Catalyst ni Skill. Burst kwa nishati 1, kisha Catalyst iliyoboreshwa kwa nishati 1: mara tatu, halafu mara tatu tena, yaani mara tisa.

Wiki mbili baada ya simu ile mpwa wangu alikutana na Champ tena. Safari hii alimpandisha sumu polepole, Catalyst ameikalia. Champ akiwa na uhai 226 sumu ilikuwa 24. Ikauma, akabaki na 202, sumu ikashuka 23, na alama ya hasira ikatokea. Kijana akacheza Burst, akacheza Catalyst. Sumu ikasoma 207. Alinitumia picha ya skrini kabla hajabonyeza kumaliza zamu: mstari wote wa uhai wa Champ ulikuwa kijani.